Watu wa jembe waliokataa upanga: historia ya Wamennonite mpaka Kasai

Leo ninaleta historia ya kanisa moja ambalo wengi wetu hapa Lubumbashi tunalijua kwa jina tu. Uliza mtu njiani, "Mmennonite ni nani?" Atakujibu: ni kanisa la watu wa Kasai, sawa vile Metodisti ni kanisa la huku kwetu na Kimbangu ni la kule Bas-Congo. Jibu si la uongo, ila ni fupi sana. Kongo iko kati ya nchi zenye Wamennonite wengi zaidi duniani, pamoja na Marekani, India na Etiopia. Wako zaidi ya laki mbili waliobatizwa. Na katika hiyo laki mbili huhesabu ata mtoto mchanga mmoja, ju kanisa hili halibatizi watoto. Sababu yake njo mwanzo wa historia yote.

Mimi mwenyewe si Mmennonite. Nilikutana nao kupitia udongo. Nilipokuwa ninaandika memwari juu ya mimea ya jamii ya maharagi, ile inayorudisha azoti katika shamba, nilianza kusoma namna wakulima wa Ulaya walivyoacha kulaza mashamba yao. Kila mara nilikuta maneno yaleyale: mkulima fulani, Mmennonite; kijiji fulani, cha Wamennonite. Nikajiuliza, hii dini iko na nini na mashamba? Nikavuta uzi, na uzi ukanifikisha mpaka Ndjoko Punda, kwenye mto Kasai.

Tuanze Zürich, Uswisi. Miaka ya 1520 mhubiri Zwingli alikuwa anatengeneza upya kanisa la mji ule, na kando yake walikuwa vijana wa umri wetu kabisa, waliosoma Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Mmoja aliitwa Conrad Grebel. Alisomea Vienna na Paris, akarudi nyumbani bila diplome (sisemi kitu). Mwenzake aliitwa Felix Manz. Hawa vijana walisoma Agano Jipya wakaona kwamba mtu anaamini kwanza, kisha anabatizwa. Mtoto wa siku tatu anaamini nini? Tarehe 21 Januari 1525, Grebel alimbatiza George Blaurock, aliyekuwa padri, na Blaurock akabatiza wengine waliokuwa katika nyumba ile.

Kwetu leo jambo hili ni la kawaida. Kila kanisa la uamsho linabatiza watu wazima katika mto Lubumbashi au katika pisini. Lakini wakati ule ubatizo wa mtoto ulikuwa kama karatasi ya uraia. Kwa maji yale mtoto aliingia kanisani na katika Leta mara moja, na vitu viwili hivyo vilikuwa kitu kimoja. Mtu akisema ubatizo wa utotoni si kitu, ni kama amesema kanisa si mali ya Leta. Wakubwa wa mji walielewa hilo upesi kuliko wachungaji. Tarehe 5 Januari 1527 Felix Manz alifungwa mikono akatupwa katika mto Limmat. Walisema: anapenda maji, apewe maji. Na waliomuua hawakuwa Wakatoliki. Walikuwa Waprotestanti wenzake.

Mwezi uliofuata, Februari 1527, wachache walikutana kijiji cha Schleitheim wakaandika mambo saba wanayokubaliana. Ubatizo, kutenga mwenye kukosa, mkate wa Bwana, kujitenga na uovu, wachungaji, upanga na kiapo. Yale mawili ya mwisho njo yaliwatofautisha na karibu kila mtu. Juu ya upanga walisema hivi, kwa maneno yangu: serikali imepewa upanga ili izuie waovu, lakini mfuasi wa Kristo hawezi kuushika, wala kuwa hakimu anayeamua nani afe. Na kiapo: ndiyo iwe ndiyo, siyo iwe siyo. Michael Sattler, aliyeongoza mkutano ule, alikuwa mtawa zamani. Mwezi wa tano alikatwa ulimi akachomwa moto. Mke wake Margaretha walimzamisha majini siku chache nyuma yake.

Sasa hapa ninataka tukae kidogo, ju watu wengi hudhani mafundisho ya amani ni ya watu wapole wasiojua dunia. Si kweli. Miaka 1534 na 1535, katika mji wa Münster, Ujerumani, wabatizaji hawahawa waliteka mji kwa silaha. Walifukuza wasiotaka kubatizwa, wakaungana mali, mmoja wao Jan van Leiden akajitangaza mfalme na kuoa wake wengi, wakisubiri Yesu arudi. Askofu alizingira mji mpaka watu wakala panya. Mwezi wa sita 1535 mji ulianguka na watu wakachinjwa. Wakati uleule, kule Friesland, Uholanzi, wengine waliteka nyumba ya watawa iitwayo Oldeklooster, na wao pia wakaishia kuuawa.

Karibu na pale alikuwa padri wa kijiji, Menno Simons, aliyezaliwa 1496 huko Witmarsum. Alikuwa na mashaka yake kwa miaka mingi, akiyaficha, ju parokia nzuri inalipa na mtu anakula vizuri. Waliouawa Oldeklooster walikuwa watu wa eneo lake. Yeye alikuwa amehubiri juu ya upotevu wao, lakini hakuwaonyesha njia nyingine. Mwanzoni mwa 1536 aliacha upadri, akajiunga na wale waliobaki, akazunguka usiku kwa usiku miaka 25 akiwakusanya chini ya fundisho moja: hakuna upanga, ata kwa ajili ya Mungu. Jina lake njo likawa jina lao. Kwa hiyo, kwa mawazo yangu, amani ya Wamennonite ilizaliwa kwa watu waliojaribu bunduki ya dini wakaona mwisho wake. Sisi wa Kongo, na manabii wetu wenye kugawa dawa ya risasi, tungepaswa kuisoma historia ya Münster mapema sana.

Kuna hadithi moja wanayowafundisha watoto wao mpaka leo. Mwaka 1569, huko Asperen, mtu aitwaye Dirk Willems alitoroka gerezani wakati wa baridi, akavuka juu ya barafu. Alikuwa amekonda kwa chakula cha gereza, barafu ikamshika. Aliyemfuata alikuwa mzito, akazama. Dirk alisikia anaomba msaada, akarudi, akamvuta. Mtu yule, wanasema, alitaka kumwachia, lakini mkubwa wake upande wa pili alipiga kelele akumbushe kiapo chake. Dirk alikamatwa palepale, akachomwa tarehe 16 Mei. Picha yake, iliyochongwa na Jan Luyken mwaka 1685, iko katika nyumba nyingi za Wamennonite. Nilipomwelezea rafiki yangu mmoja wa sheria, alisema yule Dirk alikuwa mjinga. Tulibishana mpaka umeme ukarudi.

Sasa mashamba. Hapa mtanivumilia, ni kazi yangu.

Hawa watu walikatazwa kuishi mijini, kuingia katika vyama vya mafundi, kushika kazi ya Leta. Kitu kilichobaki ni udongo, na si udongo mzuri. Wakubwa wenye ardhi waliwapokea pale ambapo mkulima mwingine hakutaka. Waholanzi walienda kwenye mdomo wa mto Vistula, karibu na Danzig, Poland ya leo, mahali pa tope lililo chini ya usawa wa bahari. Wakajenga kuta za udongo, wakachimba mifereji, wakaweka mashini za upepo za kuvuta maji. Wengi walikufa na malaria ya kule kabla ya kuvuna. Waliofukuzwa Bern, Uswisi, kuanzia 1671, walienda Palatinate, Ujerumani, nchi iliyobaki magofu nyuma ya vita vya miaka thelathini.

Pale Palatinate, katika kijiji cha Monsheim, njo nilimpata mtu wangu: David Möllinger, wa karne ya 18. Desturi ya Ulaya ilikuwa kulaza sehemu moja kwa tatu ya shamba kila mwaka ili udongo upumzike. Möllinger na wenzake walipanda klova pale palipokuwa panalala. Klova ni ya jamii ya maharagi. Vifundo vya mizizi yake vinakamata azoti ya hewa, ingawa wakati ule hakuna aliyejua azoti ni kitu gani. Waliimwagia jasi iliyosagwa, klova ikanawiri. Klova ililisha ng'ombe, na ng'ombe hawakutoka tena kuchunga. Walikaa zizini mwaka mzima. Ng'ombe akikaa zizini, mboleo yote inabaki mahali pamoja, unaibeba mpaka shambani. Shamba likipata mboleo halihitaji kulala. Waliongeza viazi, wakachemsha pombe kali ya viazi, makapi wakawapa ng'ombe tena. Hakuna kitu kinachotupwa. Wataalamu wa wakati ule walikuja kutazama shamba la Möllinger sawa vile leo tunapelekwa kutazama shamba la mfano la ONG, tofauti ni kwamba la Möllinger lilibaki nyuma ya projet kuisha, ju hapakuwa na projet.

Kwa nini wao? Wengine husema ni baraka, wengine ni damu ya Kijerumani. Mimi naona sababu ya kawaida zaidi. Mtu aliyepanga ardhi ndogo, anayelipa kodi ya ziada ju ya dini yake, hawezi kupanua shamba. Anaweza tu kuongeza rutuba ya lile alilonalo. Kisha walikuwa na ndugu kila mahali, wanaandikiana barua, wanaoleana. Mbegu na mbinu zilisafiri na bibi harusi. Huku kwetu shamba likichoka tunakata miombo mingine mbele, na mahindi tunasubiri mboleo ya dukani ipande bei. Kunde na soja tunazo, lakini tunazipanda kama mboga ya akina mama pembeni.

Nisiwapake mafuta lakini. Kutoka Vistula wengi walihamia Ukraine, chini ya Urusi, kwa mwaliko wa Malkia Catherine wa Pili: Khortytsia mwaka 1789, Molotschna mwaka 1804. Waliahidiwa ardhi, dini yao, na kutoingia jeshini. Kila jamaa ilipewa karibu hektari 70. Kule alitokea Johann Cornies, ambaye kuanzia 1830 aliongoza chama cha kilimo. Aliamuru kila shamba liwe na miti, kila mkulima alaze sehemu ya shamba bila majani ili kutunza maji ya nyika kavu, aweke mboleo. Asiyetii aliadhibiwa. Alifanya kazi kubwa, na alikuwa dikteta wa miti. Lakini shida kubwa ilikuwa hesabu. Shamba la hektari 70 lilikatazwa kugawanywa, jamaa zilizaa watoto wengi, na kufika miaka ya 1860 zaidi ya nusu ya jamaa za Molotschna hazikuwa na ardhi. Na asiye na shamba hakuwa na sauti katika mkutano wa kijiji! Watu walioandika kwamba hawatatawala mtu kwa upanga waliwatawala ndugu zao kwa cheti cha ardhi, mpaka serikali ya Urusi ikaingia kati. Katika fujo za miaka hiyohiyo, Januari 1860, kikundi kilichotaka wokovu wa moyoni na ubatizo wa kuzamishwa kilijitenga: Ndugu Wamennonite. Shikeni jina hilo, wajukuu wao watafika Kwilu.

Urusi ilipoanza kuandika vijana wote jeshini mwaka 1874, watu karibu 18.000 waliondoka kwenda Marekani na Kanada. Waliofika Kansas wanakumbukwa kwa ngano nyekundu iitwayo Turkey Red, inayopandwa kabla ya baridi, iliyobadilisha kilimo cha jimbo lile. Waliobaki walikubaliwa kupanda misitu badala ya kushika bunduki.

Kisha ikaja mwaka 1918. Dola imeanguka, vikundi vyenye silaha vinapita vijiji kwa vijiji, jeshi la Makhno linaua na kubaka, na Wamennonite njo matajiri wa eneo. Basoda wa Kijerumani waliokuwa wameteka Ukraine waliwapa vijana wao bunduki na mafunzo. Mkutano wa kanisa huko Lichtenau, kiangazi cha mwaka ule, ulisema kutokushika silaha ni fundisho letu, lakini kila mmoja afuate dhamiri yake. Yani mlango ulifunguliwa. Vijana waliunda kikosi cha kujilinda, Selbstschutz. Walipigana, walishindwa, na mauaji yaliyofuata mwaka 1919 yalikuwa makubwa kuliko yale waliyotaka kuzuia. Wengi wao baadaye walisema lilikuwa kosa. Mimi nikisoma sura ile, sithubutu kumhukumu kijana wa miaka 20 ambaye dada yake yuko ndani ya nyumba. Ninyi mlio na jamaa Beni, Bunia au Masisi mnaelewa ninachosema. Lakini hesabu ya waliokufa iko pale, na inauliza swali lake.

Ju ya njaa iliyofuata, Wamennonite wa Marekani na Kanada waliunda mwaka 1920 shirika la msaada, Mennonite Central Committee, lile tunaloliona Kongo kwa herufi MCC. Walipeleka chakula, na kwa kuwa farasi walikuwa wameliwa au kuchukuliwa na majeshi, mwaka 1922 walipeleka ata trakta 50 za Fordson ili watu walime.

Tufike kwetu. Mwaka 1911 makundi mawili ya Wamennonite wa Marekani yaliungana wakaunda Congo Inland Mission. Mwaka 1912 vituo viwili vya kwanza vilifunguliwa: Ndjoko Punda, ambao wakoloni waliuita Charlesville, na Kalamba. Nyanga na Mukedi vilifuata miaka ya 1920. Fikirieni wakati wenyewe: Leopold amekufa juzi tu, watu wa Kasai wametoka katika kodi ya mpira, na Forminière imeanza kuchimba almasi Tshikapa. Mamisionere walipanda mashua ya moshi kwenye mto Kasai, wakajifunza Tshiluba na Gipende, wakajenga shule na hospitali. Upande wa Kwilu, Aaron na Ernestina Janzen, aliyekuwa mtoto wa wahamiaji kutoka Urusi, walianzisha Kafumba mwaka 1924. Walilipia kazi yao kwa shamba. Michikichi iliendesha misioni miaka mingi, mpaka Ndugu Wamennonite wa Marekani walipoichukua mwaka 1943. Kikongo ya Leta njo ilikuwa lugha ya kule. (Wamennonite wanaosali kwa Kiswahili ni wa Tanzania, Shirati na Musoma, tangu 1934. Huo ni mlango mwingine.)

Kitu kimoja kinaniumiza katika sura hii. Mamisionere wale walileta ubatizo wa watu wazima, walileta Biblia, walileta sabuni na kinini. Lile fundisho la upanga, lililowagharimu mababu zao Limmat na Asperen, walilileta kwa sauti ya chini sana. Wanahistoria wao wenyewe wanalisema. Wengi walikuwa wameshachukua roho ya uamsho wa Kimarekani: okoa nafsi kwanza. Na labda ilikuwa vigumu kuhubiri "usishike upanga" chini ya bendera ya Mbelgiji mwenye Force Publique, huku wewe uko mgeni wake. Mwaka 1931 Wapende waliasi ju ya kodi na kazi ya ngazi, na wakoloni waliua mamia katika nchi ileile ambako misioni ilikuwa.

Basi mtihani ulipokuja, ulikuta darasa halijafundishwa. Mwaka 1959, vita vya Baluba na Lulua vilianza Luluabourg na kuenea. Baluba walikuwa wengi katika vituo vya Wamennonite. Walikuwa walimu, wauguzi, makatibu. Wakafukuzwa, wakakimbilia Bakwanga, Mbuji-Mayi ya leo. Mwezi wa saba 1960 mamisionere walihamishwa. Waliporudi walikuta kanisa moja limekuwa makanisa mawili, moja Tshikapa, moja Mbuji-Mayi, na kila moja limejaa watu waliopoteza jamaa. Wale wa Mbuji-Mayi waliomba watambuliwe peke yao. Ilileta maneno mengi na uchungu mwingi. Leo njo tunayaona hivi: Communauté Mennonite au Congo yenye makao Tshikapa, Communauté Evangélique Mennonite ya Mbuji-Mayi, na Communauté des Eglises de Frères Mennonites ya upande wa Kikwit. Yana kamati moja ya taifa, CONIM, ambamo yanakaa pamoja.

Nisiseme sana juu ya kabila, kila mtu anajua alikulia wapi. Sisi tulio Katanga wazazi wetu waliona 1992 na 1993, wakati Wakasai, waliozaliwa hapa, walilala wiki na wiki kwenye gare ya Likasi wakingoja treni ya kwenda Mwene-Ditu. Kwaya ziligawanyika siku zile, parokia zilipungua nusu. Kwenye campus zetu mpaka leo mwanafunzi wa kwanza akifika anaulizwa kwanza jimbo gani, ndipo fakilte gani. Ninaandika hili ju historia ya Wamennonite wa Kasai inaonyesha jambo ambalo mahubiri yetu yanalipita haraka: watu waliobatizwa pamoja, kwa hiari yao, wakiwa watu wazima wenye akili timamu, wanaweza kukimbiana kwa sababu ya jina la babu. Ubatizo ule ulikuwa wa kweli. Haukutosha.

Mwaka 1964 ilikuwa zamu ya Kwilu. Maasi ya Pierre Mulele yalianza Januari. Vituo vya Mukedi na Kandala vilishambuliwa, na waumini walijificha porini. Lakini miaka hiyohiyo kulitokea jambo lingine ambalo wazee wetu waliosoma wakati ule wanalikumbuka. Kuanzia 1962 MCC ilituma Kongo vijana wa Kimarekani na wa Kanada wawe walimu wa sekondari. Wamarekani wengi wao walikuwa wamekataa jeshi kwa dhamiri, na Leta yao iliwaruhusu kutumikia kwa njia nyingine. Yani kijana alikataa bunduki, akapewa chaki na darasa la watoto wa Kongo. Na huko Nyanga kulianzishwa kazi ya maendeleo ya kilimo, SEDA, kuku, sungura na mbuzi kwa wakulima wa vijiji.

Wanawake pia walingoja. Mwaka 2012, mwaka wa jubilei ya miaka 100 iliyofanyika Tshikapa, kanisa la CMCo liliamua kuwaweka wanawake kuwa wachungaji, na wa kwanza waliwekewa mikono mwaka 2013. Wenzao wa Mbuji-Mayi walikuwa wametangulia.

Kisha Kamwina Nsapu. Agosti 2016 chifu Jean-Prince Mpandi aliuawa, na Kasai ikawaka: watoto wenye vitambaa vyekundu kichwani, wakiamini risasi itakuwa maji, mbele ya basoda, halafu wanamgambo wengine dhidi ya vijiji vya Baluba na Lulua upande wa Kamonia. Zaidi ya watu milioni moja walihama. Wamennonite waliuawa na walikimbia kama wengine. Lakini safari hii mambo hayakwenda sawa na 1960. Familia za Ndugu Wamennonite kule Kikwit zilipokea wakimbizi nyumbani, watu wasiosema lugha yao. Na makanisa yote matatu, pamoja na MCC, yaligawa chakula na kulipia watoto masomo bila kuuliza kabila. Si muujiza, kuna waliosita. Ila mtu aliyesoma miaka ya 1960 anaona tofauti.

Katika moto uleule alikufa Michael Sharp. Alikuwa Mmennonite kutoka Kansas, kule kwa ngano nyekundu. Kabla ya hapo alifanya kazi na MCC huku mashariki mwa Kongo, na mpango wa kanisa la Waprotestanti ECC wa kuwashawishi wapiganaji wa FDLR waweke silaha chini warudi kwao na jamaa zao. Walikuwa wanaingia porini bila bunduki, wanakaa chini ya mti, wanasikiliza. Mwaka 2015 akawa mtaalamu wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 12 Machi 2017, akiwa na mwenzake Zaida Catalán wa Sweden na Wakongomani waliowasindikiza, aliuawa karibu na Bunkonde, Kasai ya Kati. Miili yao wawili ilipatikana wiki mbili baadaye katika kaburi fupi. Wakongomani wale mpaka leo wanatajwa mwisho wa sentensi, kama nilivyofanya mimi hapa.

Tarehe 29 Januari 2022 mahakama ya kijeshi ya Kananga ilihukumu watu 51 wafe kwa mauaji hayo, baadhi yao wakiwa hawapo. Wakati ule hukumu ya kifo ilikuwa haitekelezwi kwetu. Machi 2024 serikali iliondoa kizuizi hicho. Kwa hiyo Leta yetu iko na haki, kwa sheria yake, kuua watu kwa jina la mtu aliyetoka katika kanisa linalokataa kuua tangu Schleitheim.